Kwa Somo: Nimekuta picha za mahabusu kwenye sanduku la mume wangu

Somo, shikamoo.

Barua hii nimeifuta mara tatu. Hii ya nne naituma kabla sijairudia kuisoma.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mume wangu ni mtu wa Nyeri, tunaishi Ohio. Yeye ndiye aliyetangulia huku. Aliingia jeshi la akiba la Marekani akiwa na grini kadi tu, mwishoni mwa 2003 akapelekwa Iraq na kikosi cha polisi wa jeshi, kulinda kambi ya mahabusu, akarudi baada ya mwaka. Mwaka 2005 akaapa uraia kwa ile njia ya haraka ya wanajeshi. Mwaka 2006 akanioa, akanileta. Kisha akamleta mama yake. Kwa ufupi, karatasi ya kila mtu mzima katika nyumba hii imetokana na ule mwaka mmoja wa Iraq.

Tunahama mwisho wa mwezi ujao. Nilikuwa napanga vitu vya besimenti, nikafungua sanduku lake la bati nikitafuta karatasi zake za kuacha jeshi. Chini kabisa palikuwa na bahasha ya kaki yenye CD tatu. Nikazitia kwenye laptopu ya zamani nikidhani ni picha za ujana wake.

Picha ni 214. Nyingi hazina neno: wenzake wanacheza karata, mbwa wa mtaani, vumbi, chai kwenye vigilasi. Kumi na moja ndizo zilizoninyima usingizi. Nne kati yake ni za mtu mmoja. Amepigishwa magoti juu ya saruji, mikono imefungwa nyuma kwa pingu za plastiki, kichwani amevikwa gunia la kutilia mchanga. Ana ndara moja tu, mguu wa pili mtupu. Kwenye kiwiko cha mkono ana bangili ya plastiki yenye nambari. Na juu ya magoti yake kimelala kivuli cha mpiga picha. Somo, kivuli kile nakijua. Bega moja liko chini kuliko la pili. Nimelala ubavuni mwa bega lile miaka kumi na tisa.

Pembeni mwa picha mna tarehe ya Januari 2004 na saa kwa rangi ya machungwa. Ya kwanza 14:12, ya mwisho 16:40. Lakini nyuma kote ni giza la usiku, taa kubwa inawaka. Sijaelewa.

Mume wangu si mtu mkatili. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Ila hulala saa tatu kwa siku, hunywa Ijumaa na Jumamosi hadi asiongee, na hataki mlango wowote ndani ya nyumba ufungwe kwa komeo. Bastola yake iko kabati la chumbani. Mwezi uliopita binti yetu wa miaka 17 alipewa kazi ya shule kuhusu Abu Ghraib, lile gereza la Iraq ambako askari wa Marekani waliwatesa mahabusu, akamuuliza baba yake mezani, "Dad, na nyinyi mlifanya vile?" Akainuka, akakaa ndani ya gari gizani hadi saa sita.

Nimemwambia mama mkwe peke yake. Akasema choma leo hii, kisha akalia, maana baba yake mwenyewe alikaa kizuizini enzi za Waingereza akatoka na vidole vilivyopinda. Shoga yangu mmoja, nilimdokeza tu bila kutaja nani, anasema aliyeona uovu akanyamaza ni mshirika, nizirushe mtandaoni dunia ione. Mimi najiambia: wale waliofanya mabaya walishafungwa, kesi imekwisha, yeye alipiga picha tu. Halafu najiambia: kama uraia wangu umenunuliwa kwa magoti ya yule mtu, nitasemaje hainihusu? Na nikitoa picha, uraia wetu sote si utafutwa?

Nichome au nitoe? Na hii ni aibu ya nyumba yangu, au ya nchi nzima inayonitoza kodi?

Mwenye Sanduku, Ohio

—

Marahaba, mwanangu.

Umefanya vizuri kuituma bila kuirudia, ungeirudia ungeipunguza. Nilivyokuelewa, una mizigo mitatu uliyoifunga kwa kamba moja. Kuna mume asiyelala. Kuna CD tatu ambazo sheria inaweza kuziita ushahidi. Na kuna swali la mtu aliyefaidika na jambo ambalo hakulifanya. Nitaifungua kamba kwanza, maana kila mzigo una mbebaji wake na haraka yake. Wa mume ni wa wiki hii. Wa CD ni wa kabla hujahama. Wa tatu hauna tarehe.

Naanza na bastola, unisamehe kwa kuruka foleni. Kabla ya neno lolote kuhusu sanduku, silaha ile itoke chumbani. Risasi zikae mahali pengine, mbali na bastola, kila kimoja na kufuli yake, au bora zaidi ndugu mnayemwamini aihifadhi hadi mmalize kuhama. Kuhama ni kisingizio kizuri na cha kweli: nyumba ina wapakiaji, ina watoto wanaofungua kila kitu. Mtu aliyeficha jambo miaka ishirini, siku linapofunuliwa, saa zake za kwanza ndizo za hatari. Hapo Marekani ipo simu ya maveterani, unapiga 988 kisha unabonyeza 1, mchana na usiku, na mke anaweza kupiga pia.

Sasa ile saa iliyokutatiza. Mume wako aliondoka Ohio na kamera yake, na yaonekana hakuibadilisha saa. Januari, Iraq iko mbele ya Ohio kwa saa nane. Kwa hiyo 14:12 ya kamera ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili za usiku pale alipokuwa amepiga magoti yule mtu, na ile ya mwisho ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Ndiyo maana giza. Wachunguzi wa Jeshi katika kesi ya Abu Ghraib walifanya kazi hiyohiyo: kamera kadhaa, kila moja na saa yake, wakazilinganisha moja kwa moja hadi wakapata usiku gani ulikuwa usiku gani.

Lakini tazama kitu kimoja, mwanangu. Saa ya kamera ikiwa imekosea, tofauti kati ya picha mbili haikosei. Kutoka ya kwanza hadi ya nne ni saa mbili na dakika 28. Huenda aliinuliwa katikati akapewa maji, kisha akarudishwa. Picha nne haziwezi kukuambia. Huenda hakuinuliwa. Ningekuficha jambo hili ungeligundua mwenyewe usiku mmoja ukiwa peke yako, kwa hiyo heri tulione pamoja.

Kwa nini muda una maana? Kwa sababu watu walikaa mezani wakaupangia sheria. Tarehe 2 Desemba 2002 Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld alitia sahihi waraka wa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kule Cuba, ulioruhusu kumvika mahabusu kofia ya kufunika uso na kumsimamisha kwa muda usiozidi saa 4, na kwa mkono wake akaandika chini akihoji kwa nini ziwe 4 tu, ilhali yeye husimama kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Waraka ule aliufuta Januari 2003, ila mbinu zilikuwa zimeshapata miguu. Septemba 2003 kamanda wa majeshi Iraq, Jenerali Ricardo Sanchez, naye akaruhusu kumweka mahabusu katika mkao wa kuchosha, kupiga magoti kukiwemo, usiozidi saa 1 kwa mara moja. Tarehe 12 Oktoba akatoa waraka mwingine, na mkao wa kuchosha haukuwemo tena. Kwa hiyo Januari 2004 ruhusa ile ilikuwa imekwisha miezi mitatu nyuma, na hata ingekuwa hai, saa mbili na nusu ni zaidi ya maradufu. Je, askari wa zamu ya usiku alijua? Ripoti ya Jenerali Antonio Taguba ya 2004, aliyechunguza Abu Ghraib, ilikuta walinzi wengi hawakufundishwa hata mikataba ya Geneva ya kulinda mateka na raia vitani, na kwamba maafisa wa upelelezi waliwataka polisi wa jeshi "wawaandae" mahabusu kwa mahojiano, kazi ambayo kanuni inawakataza walinzi. Mlinzi kazi yake ni kulisha, kuhesabu na kufunga mlango. Akishaambiwa mtu huyu asilale, mlango huo umefunguka upande mwingine.

Gunia nalo si kitambaa tu. Mtu asiyeona hajui pigo litatoka wapi, hajui saa, na hewa anayovuta ni ileile aliyoitoa. Waingereza walikuwa wameipiga marufuku mbinu hiyo tangu 1972, ila Septemba 2003 askari wao wa Basra walimvika karani wa hoteli, Baha Mousa, akafa mikononi mwao baada ya saa 36 akiwa na majeraha 93. Nakutajia ili ujue kwamba shida uliyoiona pichani haikuanza na bega la mume wako.

Hapo nigusie maneno yako matatu, taratibu.

Umesema kesi imekwisha. Askari 11 walitiwa hatiani kwa Abu Ghraib. Charles Graner alipewa miaka 10, Lynndie England 3. Afisa mmoja tu alifikishwa mahakama ya kijeshi, Luteni Kanali Steven Jordan, na mashtaka ya kuwatesa mahabusu hayakumpata. Walioandika nyaraka hawakushtakiwa. Na upande wa waliopigishwa magoti, Wairaki watatu walioishtaki kampuni ya CACI, iliyokodishwa kuhoji mahabusu, walifungua kesi 2008. Baraza la mahakama likawapa dola milioni 42 Novemba 2024. Miaka 16. Unaposema imekwisha, uliza imekwisha kwa nani.

Umesema alipiga picha tu. Jeremy Sivits, fundi magari wa jeshi, naye alipiga picha, na kupiga picha ile kulikuwa sehemu ya mashtaka yaliyompa mwaka mmoja jela. Lakini mpiga picha mwingine wa kikosi hichohicho, Sabrina Harman, alisema alipiga ili iwepo siku ya kuthibitisha. Mahakama ilimpa miezi 6. Picha ya ushindi na picha ya ushahidi hutoka kwenye kamera moja na hufanana. Kinachozitofautisha ni moyo wa aliyebonyeza, na wakati mwingine mwenyewe hajui hadi miaka ipite. Mume wako hakuzitupa. Hakuzionyesha kwa mtu. Amezibeba miaka ishirini chini ya sanduku. Hilo linaweza kuwa na maana mbili, na mimi na wewe hatuijui ipi.

Na umeniuliza nichome au nitoe, kana kwamba njia ni mbili. Kuchoma ndiyo njia pekee isiyo na kurudi nyuma, kwa hiyo iweke mwisho kabisa. Ina na mwiba wake: ipo sheria ya Marekani ya 2002 inayokataza kuharibu kumbukumbu kwa nia ya kuzuia uchunguzi wa serikali kuu, hata uchunguzi usioanza bado, na adhabu yake hufika miaka 20. Mke aliyetupa CD kuukuu bila kujua si sawa na mke aliyeziona, akaandika barua, kisha akachoma. Wewe umeshaona. Mama mkwe simlaumu. Yeye analia kwa ajili ya baba yake na kwa ajili ya mwanawe kwa wakati mmoja, na machozi ya namna hiyo hayana ushauri ndani yake.

Ya shoga yako ina joto la haki, ila imemsahau mtu mmoja: mwenye gunia. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 27, unataka mtu aliye mikononi mwa jeshi alindwe asifanywe kioja mbele ya watu. Ana mama, huenda ana binti wa miaka 17. Ukimrusha mtandaoni, unampigisha magoti mara ya pili, safari hii mbele ya dunia. Pia ukizipitisha WhatsApp, picha hubanwa na zile taarifa za ndani, yaani aina ya kamera, saa na nambari ya faili, hufutika. Ungetoa ushahidi na kuuharibu kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo nini cha kufanya kabla ya lori kuja? Kwanza acha kuzifungua. Kila ukifungua kwenye laptopu ile unaacha vijipicha vidogo na nakala za muda, nayo laptopu imekuwa sehemu ya jambo. Usiiuze wala kuifuta. CD zirudi kwenye vikasha vigumu, zisimame wima, mahali pakavu na pa giza. Za kuandikwa nyumbani huharibiwa na mwanga na joto, na karatasi ya gundi juu yake huinyofoa ile rangi yenye data. Usiandike kitu juu ya CD. Andika kwenye karatasi pembeni: siku gani ulizikuta, wapi, nani amezigusa tangu hapo. Sentensi nne zatosha, weka tarehe. Usizitengenezee nakala mwenyewe. Kuna wataalamu wanaonakili CD nzima kama ilivyo na kuipa alama ya hesabu inayoonyesha kwamba hakuna kilichobadilishwa, ila hao waitwe na wakili.

Wakili awe wako. Hapa watu wengi hukosea: mke na mume huenda kwa wakili mmoja, kisha maslahi yao yanaachana njiani, wakili anawaacha wote wawili. Tafuta anayejua sheria ya jeshi na jinai ya serikali kuu, na yeye atakuambia kama mumeo anahitaji wake. Siku ya kwanza usibebe CD. Nenda na maelezo tu, na swali hili: ukizipokea, sheria ya kazi yako inakulazimisha uzikabidhi popote? Jibu hutofautiana, nawe ulijue kabla hazijatoka mkononi mwako. Muulize pia kuhusu muda. Makosa mengi ya serikali kuu hukoma baada ya miaka 5, na mtu aliyeacha jeshi kwa kawaida haburutwi tena mahakama ya kijeshi. Lakini mateso yaliyoleta kifo au hatari ya madhara makubwa hayana kikomo, na mwaka 2023 makosa ya kivita nayo yaliondolewa kikomo. Kama unaogopa kuitwa shahidi, mahakama za serikali kuu humpa mke haki ya kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na haki hiyo ni ya mke mwenyewe. Picha, hata hivyo, si mazungumzo ya ndoa. Yeye akikueleza faraghani, maneno yale yana ulinzi ambao CD hazina.

Kuhusu uraia, hofu yako ina punje ya kweli ndani ya gunia la makapi. Aliyepata kwa njia ya jeshi anaweza kunyang'anywa kama aliachishwa kwa mwenendo mbaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Njia ya pili ni kuonekana alidanganya au alificha jambo zito kwenye maombi. Basi tafuta zile karatasi ulizokuwa unazitafuta mwanzo, za kuacha jeshi, pamoja na nakala ya fomu yake ya 2005, wakili wa uhamiaji azisome: aliulizwa nini, akajibu nini? Wanao waliozaliwa hapo wana uraia wao wa kuzaliwa. Haupitii kwa baba.

Ukifika mahali pa kukabidhi, wapo Idara ya Upelelezi wa Jinai ya Jeshi na Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi. Joseph Darby, askari aliyeifichua Abu Ghraib, alipitia mlango huo. Januari 2004 alipeleka CD ndani ya bahasha, na bila bahasha ile huenda tusingejua lolote. Pia jina lake lilitajwa hadharani na Waziri Rumsfeld mbele ya Bunge, na akashindwa kurudi kuishi kwao. Yote mawili ni kweli, yapime yote. Ujue pia kwamba kinachoingia serikalini si lazima kitoke: chama cha kutetea haki, ACLU, kilianza kudai picha za namna hiyo mahakamani 2004, mwaka 2009 Bunge likatunga sheria ya kuziwezesha zifichwe, na hadi 2016 zilikuwa zimetolewa 198 tu kati ya takriban 2,000. Mlango mwingine ni mashirika ya haki za binadamu au mwandishi mzoefu, kupitia wakili, kwa sharti la maandishi kuhusu nyuso na majina. Na kuna mlango watu wanaousahau. Ile nambari kwenye bangili ndiyo iliyokuwa jina la yule mtu jeshini. Kwa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, unaotafutia familia watu waliopotea vitani, nambari moja inayosomeka inaweza kuwa na thamani kuliko uso.

Unaweza pia kuziweka tu, salama, chini ya uangalizi wa wakili, bila kuamua mwaka huu. Wengine wataita woga. Mimi naona inategemea unazisubirishia nini.

Nakuja kwenye kodi na pasipoti. Nchi ile ilionyeshwa Abu Ghraib kwenye televisheni Aprili 2004. Wananchi walikasirika, wakabishana, Novemba wakapiga kura kwa mambo mengine, maisha yakaendelea. Lawama ya namna hiyo hugawanywa kwa mamilioni hadi kila mmoja abaki na chembe asiyoihisi. Wewe umehisi yako kwa sababu imekuja na kivuli unachokijua. Lakini kuhisi zaidi hakukufanyi uwe na hatia zaidi, na sioni kwamba unadaiwa na yule mtu kurudisha pasipoti. Kama kuna unachodaiwa, nadhani ni kutosaidia asahaulike. Mama mkwe angekuelewa hapo. Serikali ya Kenya ya kikoloni iliposema kwanza kwamba mahabusu 11 waliokufa kambi ya Hola, Machi 1959, walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa, ukweli uliokolewa na kumbukumbu za uchunguzi wa vifo vile. Na mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalipojitokeza 2011, wazee wa Mau Mau 5,228 walilipwa, miaka miwili baadaye, pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Jirani zaidi na Mombasa yupo Mtanzania Suleiman Abdullah Salim, aliyekamatwa Mogadishu 2003, akateswa na CIA Afghanistan, akaachiwa 2008 na barua ya kusema si tishio. Mlango wa mahakama ulimfungukia baada ya ripoti ya Seneti ya Desemba 2014 kumtaja. Mwaka 2015 aliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile za CIA, wakapatana 2017. Karatasi iliyokaa kabatini mwa wengine ndiyo iliyombeba. Sikuambii kwa hiyo toa. Nakuambia CD zina uzito gani, ili usizipime kwa uzito wa plastiki.

Mumeo sasa. Usimfungulie jambo Ijumaa wala Jumamosi, wala usiku. Chagua asubuhi aliyolala walau kidogo, watoto hawapo, mkae ubavu kwa ubavu, ndani ya gari ikiwezekana maana yaonekana ndiko anakopumua, gari limesimama na ufunguo uko kwako. Sema machache: "Nilifungua sanduku. Nimemwona yule aliyepiga magoti. Sijamwambia mtu zaidi ya mama." Halafu nyamaza. Usimuulize "ulifanya nini?"; swali hilo ameshajiuliza kila usiku, ndiyo maana halali. Usimwahidi siri ya milele, hujui kama utaiweza. Usidai majina. Akitoka garini, mwache atoke, usimfuate kwa maneno.

Ile hali ya milango isiyofungwa na usingizi wa saa tatu huenda ina ndani yake kile ambacho madaktari wa maveterani hukiita jeraha la dhamiri. Si sawa na hofu ya bomu, na haliponi kwa kuambiwa "haikuwa kosa lako", kwa sababu sehemu yake huenda ilikuwa. Vituo vya ushauri vya maveterani huweka faili lao mbali na hospitali na Wizara ya Ulinzi, hawalitoi bila idhini yake, isipokuwa kuna hatari ya uhai au sheria imewabana. Auombe ufafanuzi huo kabla ya kusema lolote la kina, na azungumze na wakili kwanza. Kuna na vikao vya wanandoa, unaweza kwenda naye.

Binti yenu bado ana kazi ya shule. Asipewe uongo, na asipewe picha. Mwambie baba alikuwa mlinzi kwenye kambi, anaona vigumu kuliongelea, na swali lake halikuwa kosa. Aandike kuhusu Darby na Taguba, yote yako wazi kwa umma. Jibu la swali lake la mezani ni la baba yake kulitoa, siku atakayoweza.

Na siku ya kuhama bahasha ile isipande lori. Kama haijafika bado mahali pake, ibebe mwenyewe.

Somo